Hii lebo ya Mothercare mnayoniulizia kila belo likifunguliwa

Assalaam aleikum mashoga zangu, na akina baba mnaotazama kwa kujiibia. Leo nipo nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, umeme umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo mkiniona najipepea kwa ncha ya kanga msishangae. Nimeshika nini? Ovaroli ya mtoto, mtumba, nyeupe yenye vitone vya kijani, ina miguu yake kabisa. Nimeitoa soko la Mgandini, belo limefunguliwa mbele yangu. Nilitajiwa 5,000, nikashuka nayo mpaka 3,000. Ngoja niisogeze karibu, angalieni hapa shingoni. Mmesoma? Mothercare.

Kila nikionyesha nguo yenye lebo hii mnanijaa: "Dada, hilo duka lipo kweli? Nikimwagiza mjomba aliyeko London atalipata?" Mjomba msimsumbue. Duka lenyewe huko halipo tena, lakini jina lipo, na bado linauza. Jibu hilo lina hadithi yake, na mkishaniuliza hadithi mnanijua.

Tuanze na nguo kwanza. Igeuze ndani nje. Mshono umepigwa mara mbili na uzi haujatoka hata mmoja. Lebo ya ubavuni inasema pamba 100%, na ukiishika ni pamba kweli, haina ule utelezi wa nailoni. Vifungo ni vile vya kubonyeza, kutoka shingoni mpaka kifundo cha mguu. Hapa ndipo mtumba wa mtoto unapokufa kwanza. Kitambaa kinachanika kuzunguka kifungo, kwa sababu mama anavuta kwa haraka mtoto akilia. Kwa hiyo usivute kifungo dukani ukaridhika. Kiinue juu ya mwanga utazame kama pana tundu. Hii hapa haina. Mwaka jana nilinunua ovaroli mpya, na duka silitaji, ilitoa rangi maji ya kwanza, mtoto akawa buluu mapajani.

Jambo jingine, mnadanganywa na miezi. Imeandikwa miezi 3 mpaka 6, ila pembeni kuna sentimita, na sentimita ndizo za kufuata. Mlaze mtoto, mpime na futi ya fundi toka utosini mpaka kisiginoni. Watoto wetu wengine wa miezi mitatu wanavaa ya sita, na wengine kinyume chake. Na fulana za ndani za mtumba msiniulize, siuzi, TBS, wale wa shirika la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba.

Haya, hadithi. Mwaka 1961 watu wawili, Selim Zilkha na James Goldsmith, waliianzisha Mothercare Uingereza, na duka la kwanza lilikuwa Kingston, pembezoni mwa London. Zilkha ndiye wangu mimi. Ni mzaliwa wa Baghdad, 1927, mtoto wa ukoo wenye mabenki. Goldsmith alijitoa mapema, Zilkha akabaki na mzigo. Mwanzo waliuza vigari vya kusukumia watoto, vitanda vyao, na nguo za mama mjamzito. Nguo za watoto wenyewe zikafuata, za mpaka miaka mitano, baadaye wakasogeza mpaka minane.

Mnaona walichokuwa wanakimbizana nacho? Ukiuza mchele, mteja wako anakula mchele mpaka kufa. Ukiuza vitu vya watoto, mteja wako anakua! Kila siku anakukimbia. Lazima umshike tangu tumboni, na ukimpata umpe kila kitu hapo hapo: chupa, nepi, kitanda, kigari, asipate sababu ya kwenda kwa jirani. Mama alikuwa anahangaika duka la dawa, duka la samani, duka la nguo, na tumbo liko mbele. Zilkha akamwambia keti hapa, vyote vipo. Na asiyeweza kufika alipelekewa kitabu cha picha na bei, akachagua kwake, mzigo ukaja kwa posta. Ndiyo haya haya ninayofanya mimi na simu, ila wao walitangulia miaka mingi.

Mwaka 1972 kampuni ikaingia soko la hisa la London. Halafu zikaja ndoa. 1982 ikaungana na Habitat, maduka ya samani ya Terence Conran. 1986 akaletwa mke mwenza mwingine, British Home Stores, na nyumba nzima ikaitwa Storehouse. Mwanamke wa Tanga hahitaji kuelezwa nyumba hiyo ilikuwaje. Mwaka 2000 British Home Stores akauzwa kwa mfanyabiashara Philip Green, na kampuni ikarudia jina lake la Mothercare. 2007 ikanunua Early Learning Centre, maduka ya vitu vya kuchezea, kwa pauni milioni 85.

Zilkha wakati huo hayumo. Alishaondoka zamani, akaenda Marekani, akachimba mafuta, akauza, akaingia kwenye umeme wa upepo. Kutoka nepi mpaka upepo!

Kilichoiua Mothercare nyumbani kwao si siri. Masupamaketi yalianza kuuza nguo za watoto kwa bei ya kutupa, mama ananunua maziwa na ovaroli kwenye toroli moja. Intaneti ikachukua vigari na vitanda. Na maduka makubwa yana kodi, yawe na watu au yasiwe na watu. Novemba 2019 biashara ya Uingereza ikakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi, na Januari 2020 maduka 79 ya mwisho yalikuwa yamefungwa.

Sasa sikilizeni hapa. Wakati wa kufungwa huko, nje ya Uingereza kulikuwa na maduka yenye jina hilo zaidi ya 1,000. Tangu 1983 kampuni ya Alshaya ya Kuwait ilikuwa imeshachukua jina hilo kwa Uarabuni. Mpango wenyewe ni huu: mwenye jina anakupa jina na mali, anachukua chake. Pango, mishahara na presha ni zako. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Ghuba wanaleta zawadi zenye lebo hii, mpya kabisa, na aliyeko London anakuta maduka yamefungwa. Uingereza kwenyewe, mwaka 2020 waliwapa jina Boots, wale wa maduka ya dawa.

Kwa hiyo mtu asikuuzie 10,000 eti "hii haitoki tena, duka limekufa". Na asikutishe kwamba ni feki kwa sababu duka limekufa. Geuza ndani, tazama tundu la kifungo, pima sentimita. Mimi 3,000 natoa, 4,000 nafikiria kidogo, zaidi ya hapo namwachia.

Kasoro yake kwetu ni moja: miguu. Imeshonwa kwa ajili ya baridi, na joto hili mtoto wa Tanga atatoka vipele. Tena mtoto akirefuka kidogo, vidole vinabanwa wakati kiwiliwili bado kinapwaya. Dawa ninayo. Unakata hapa, juu ya kifundo, fundi anakunja upindo kwa 500, na mtoto anaivaa miezi mingine mitatu au minne. Nishikie simu, mwanangu. Mkasi uko juu ya cherehani.