Sanduku langu na kaunta ya mizigo, uwanja wa ndege Nairobi

Nilikuwa nimeshabonyeza nyota nne, nikazifuta. Sasa ipo moja, na hiyo nayo ni ya dereva. Shirika lenyewe la ndege silitaji kwa sababu bado nawadai.

Nakaa Muscat. Safari hii niliisubiri kwa hamu: miezi mitatu Nairobi kwa shoga zangu tuliosoma pamoja Unguja, mmoja yupo South C, mwengine Eastleigh. Sanduku lilikuwa na halua, ubani wa Dhofar, masweta, na nguo ya harusi niliyoishonesha makusudi. Hata ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Kenya ya 2017 niliikumbuka, kila kitu nikakifunga kwa vitambaa ili nisije nikasumbuana na mtu pale mlangoni. Kumbe wa kusumbuana naye yuko ndani.

Tulibadilisha ndege njiani, muda mfupi, mbio mbio. Mimi nikawahi, sanduku halikuwahi. Hilo silalamikii, mizigo huchelewa dunia nzima. Ninaloliandikia ni kaunta.

Nilimkuta binti mmoja na simu yake. Nikamsalimia, kimya. Tuseme hakusikia. Akanisukumia kadi ngumu yenye picha za masanduku ya kila aina, kila picha na namba yake, akasema, "Chagua linalofanana na lako." Nikachagua. Rangi? Kahawia. Magurudumu? Manne. Nikamwambia, na kwenye mkono wake nimefunga kipande cha kanga nyekundu, kimeshonwa kabisa, hakitoki.

"Hiyo ya kanga hakuna mahali pa kuandika."

Nikamwambia, mwanangu, masanduku ya kahawia yapo mangapi? Hiyo kanga ndiyo alama yenyewe. Andika hata pembeni.

"Madam, nimekwambia hakuna mahali. Utapigiwa simu." Kisha akapaza sauti, "Anayefuata!" Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nimegeuka kuangalia, wallahi, hapakuwa na mtu.

Nikapewa karatasi yenye namba inayoanzia NBO, ambayo unaweza kufuatilia nayo mzigo mwenyewe kwenye intaneti. Nikafuatilia asubuhi, mchana na usiku. Jibu halikubadilika: bado linatafutwa. Simu ya ofisi yao inaita mpaka inakata. Siku moja ilipokelewa, nikasikia watu wanacheka, ikakatwa.

Na Julai ya Nairobi mnaijua wenyewe. Natoka mji ambao joto linapita nyuzi 40, nashuka uwanja ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nina baibui jepesi na viatu vya wazi. Mwenyeji wangu mwembamba, mimi Mungu amenijaalia, nguo zake hazinipiti hata begani. Siku za mwanzo nimekaa na sweta la shemeji, la Arsenal, nje sitoki. Hatimaye tukaenda Gikomba kutafuta sweta la mtumba na koti, na kwa hilo sitosema uongo, Gikomba niliifurahia mno. Lakini sikuvuka bahari kuja kununua chupi Eastleigh.

Harusi nayo ikanikuta hivyo hivyo. Dera la kuazima, wenzangu wamepambika wanang'aa, mimi nimejikunyata pembeni kama mpishi anayesubiri kulipwa. Watu wakaniuliza, "Ndiyo umetoka Omani hivyo?" Wananitania, najua. Lakini iliniuma.

Sasa dereva. Usiku mmoja, tumeshakula, simu ikalia. "Shikamoo mama, nina mzigo wako, nipo getini." Lafudhi ya pwani kabisa. Lifti ya pale imekufa, akalibeba sanduku begani mpaka ghorofa ya tatu, akakataa nisimsaidie, akanywa chai na kaimati mbili akashukuru. Hapo ndipo nilipotoa zile nyota nne. Nilisema basi, yamepita, watu wazuri wapo, nisimharibie mtu kazi kwa hasira zangu.

Ila kabla hajaondoka akaniambia kitu, naye alidhani ananifurahisha. Akasema sanduku lilifika na ndege ya siku ya pili yake tu. Kile kikaratasi cha namba kinachofungwa kwenye sanduku kilikuwa kimechanika, basi likawekwa kwenye stoo yao, hapo hapo uwanjani, kwenye kona. "Mimi nimekuwa nikiliona kila nikiingia, mama. Hili si lina kitambaa chekundu?"

Jamani. Mimi nimevaa Arsenal, nguo yangu ya harusi ipo kwenye kona, na kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi ambao binti hakuona pa kuuweka!

Ndani vitu vyote vilikuwepo, nisiwasingizie. Halua ilikuwa salama, ubani ulikuwa salama. Gurudumu moja limevunjika na kufuli limekatwa. Shemeji ni wakala wa mizigo, akanieleza kwamba safari kama yangu inaangukia kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999: kilichoharibika unakidai kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo, na hasara ya kucheleweshwa ndani ya siku 21. Kusema kwa mdomo hakuhesabiwi. Nikaandika barua nikaambatisha risiti za Eastleigh. Wa Gikomba hawana risiti, yule mama aliyeniuzia koti aliniandikia bei juu ya kipande cha boksi akatia sahihi. Nacho nimekiambatisha.

Nikaipeleka mwenyewe. Namkuta nani? Yule yule. Akaisoma mstari wa kwanza, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akasema, "Lakini si ulipata bag yako?"

Sikumjibu, maana ningemjibu. Nilisimama pale mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri, nikaipiga picha mbele yake.

Kwa hiyo nyota moja ibaki, ila ni ya kijana wa watu, isihesabiwe kwao. Tiketi yangu ya kurudi ni ya shirika hilo hilo na wamesema pesa hairudi. Anayejua njia nzuri ya kufika Muscat bila kupita mikononi mwao aniandikie hapa chini, nauli nitajikaza.