Niliagiza picha ya Harunobu, kwenye maelezo wameandika "wasichana wawili"

Wiki ya tatu hii picha iko ukutani ndo naandika, sikutaka kuandika siku ile ile mzigo umefika. Ni nakala ya Suzuki Harunobu, yule mchoraji wa Edo, Tokyo ya leo, aliyefariki 1770. Na sio ya printa, mbao za mcheri zimechongwa upya na rangi imepigwa kwa mkono, kila rangi na ubao wake, vile vile kama walivyoanza 1765 zilipotoka picha za rangi nyingi wanazoita nishiki-e.

Kazi yenyewe safi sana aisee. Ukigeuza karatasi unaona rangi imepenya mpaka nyuma, na kwenye ukosi wa kimono kuna maua yamegandamizwa bila wino, huyaoni mpaka uinamishe picha kwenye mwanga wa dirisha. Hapo sidai chochote.

Kinachoniuma ni kile kikaratasi cha maelezo, eti "wasichana wawili barazani". Na mimi niliamini siku nne nzima, maana Harunobu nyuso zake ni zile zile, macho membamba, vidole vidogo, mwanaume na mwanamke wanafanana kama mapacha. Siku ya tano nafuta vumbi kwenye kioo nikaona yule wa kushoto utosini kanyolewa kiduara kidogo, nywele za mbele zimeachwa, yaani kinyume kabisa cha denge. Huyo sio msichana, ni wakashu! Kijana wa kiume ambaye bado hajafanyiwa genpuku, sherehe ya kuingia utu uzima, na kwenye sherehe hiyo ndo zile nywele za mbele zinaondolewa. Nguo haikusaidii kumjua, ile furisode yenye mikono mirefu inayoning'inia walivaa wote, yeye na msichana ambaye hajaolewa.

Na hizo nywele sio kitu kidogo jamani. 1629 wanawake walikatazwa kupanda jukwaa la kabuki, yale maigizo ya Kijapani, wakabaki vijana wa kiume kama huyu, 1652 na wao wakakatazwa, halafu kabuki iliporuhusiwa tena sharti likawa waigizaji wanyoe nywele za mbele, ndo maana waliocheza kama wanawake wakawa wanafunika pale paliponyolewa na kitambaa cha zambarau. Watawala walijua kabisa urembo wa kijana umekaa wapi. Sasa ukimwita msichana umemfuta, na picha inakuwa nyingine, hao wawili hawaangaliani vile bure.

Niliwaandikia wauzaji, wakajibu kwa adabu kwamba watarekebisha, mpaka leo tangazo lao liko vile vile.

Picha naipa tano kwa tano, maelezo mawili. Kama unataka kuagiza, waombe kwanza picha ya karibu ya vichwa.