Klabu ya chialidingi Ntinda: kocha safi, sakafu bado (nyota 3 kwa 5)

Wazazi wenzangu wa Kampala mlioniuliza kuhusu ile klabu ya Ntinda ya chialidingi, yaani ushangiliaji wa timu wenye dansi, sarakasi na kubebana, jina siliweki hapa maana uongozi bado tunaongea nao, lakini mambo ndiyo haya. Binti yangu anaenda Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa tano, kipindi kimoja shilingi 25,000, ukilipa mwezi mzima wanapunguza.

Hii ya watu kusema eti chialidingi si mchezo, ni kupunga vishada vya nyuzi mkononi tu, mimi siikubali kabisa. Njoo ukae pale benchi uangalie. Wanakimbia, wanapiga pushapu na plenki, wanasimama kwa mikono ukutani, ndiyo waingie kwenye kubebana. Wawili wanashika nyayo za mwenzao, wanachuchumaa, kocha anahesabu, wanamwinua kwa nguvu ya miguu wala si ya mgongo, na yule wa juu lazima abane tumbo na magoti yanyooke maana akilegea kidogo tu wote wanayumba. Nyuma anasimama spota, yaani mtu wa kumdaka akianguka, macho hayabanduki kwenye kichwa na shingo ya yule wa juu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe ilishalitambua rasmi shirikisho lao la dunia, 2021, ingawa kwenye Olimpiki bado hawajaingia. Marekani ilikozaliwa walibishana sana, 2010 jaji mmoja alikataa kuihesabu timu ya chuo kuwa ni mchezo kwa vile mashindano yake hayakuwa na mpangilio, halafu 2012 madaktari wa watoto wa hukohuko wakasema itambuliwe, ili hawa watoto nao wapate kocha aliyesomea, daktari na sheria za usalama. Kwangu ubishi wote uko hapo, kitu kikiitwa burudani hakuna anayeuliza mati, lile godoro la kuangukia, iko wapi.

Sasa tuje kwenye mati. Za pale ni nyembamba, nilibonyeza kwa kidole gumba nikaigusa simiti, na katikati mbili zimeachana wakaziunga kwa selotepu. Kuteguka kifundo cha mguu au cha mkono kwenye mchezo huu ni kawaida, mtoto anapona, ninachokiogopa mimi ni kichwa na shingo, mtoto ameinuliwa juu kuliko kimo cha mtu mzima halafu chini ni simiti! Wale madaktari walisema wazi, kubebana na kurushana kusifanyike kwenye sakafu ngumu wala yenye maji wala isiyo sawa, piramidi isizidi watu wawili kwenda juu, na mtoto akigonga kichwa atoke hapohapo, asirudi mpaka daktari aruhusu.

Kocha namsifu kwa moyo wote. Anajua kazi, hapigi watoto kelele, kuna msichana alisema kichwa kinauma akamkalisha mpaka mama yake akaja. Nilipomwambia kocha kwamba binti yangu asirushwe mpaka mati nene zije, akajibu, "Sawa mama, uko sahihi," na sasa binti anafanya tambling, yaani sarakasi za sakafuni, na dansi tu. Uongozi unaahidi kununua muhula ujao, nitawafuata mpaka nizione kwa macho.

Ukimpeleka wako, vua viatu uikanyage mati mwenyewe, na uwaulize siku hiyo spota ni nani.