Kijapani cha yadi ya magari kimenipa krediti 8 chuoni: uzoefu wangu na mitihani ya OPI na WPT

Kijapani changu sikukisomea darasani. Nilikiokota Mombasa, kwenye yadi ya mjomba, nikimsomea karatasi za mnada zinazokuja na magari ya Japani: A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, gredi ya R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Ajenti wa Nagoya akipiga, simu nashika mimi. Usiku najifunza kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, kitandani. Desemba moja nikapanda basi hadi Nairobi kufanya JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani, nikapita N3, ngazi ya katikati kati ya tano.

Nilipoanza chuo Marekani nilidhani cheti hicho kitaniondolea sharti la lugha ya kigeni. Wapi! Ofisi ya usajili ilikirudisha: JLPT ni kuchagua majibu tu, huongei wala huandiki. Hapo sikuwa na la kubisha. Mshauri wangu akanielekeza CLEP, mitihani ya kupata krediti (vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada) bila kukaa darasani. Kwenda kuangalia, lugha zake ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania basi. Wiki tatu zimekwenda bure. Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa lugha, akanitajia mitihani ya ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni: OPI wa kuongea na WPT wa kuandika. Ukifanya ile rasmi, yenye msimamizi, matokeo yake yana mapendekezo ya krediti kutoka ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, lakini anayeamua ni chuo chako. Ulizeni kabla ya kulipa, na jibu mlipate kwa maandishi. Mimi mitihani yote miwili pamoja na msimamizi ilinitoka zaidi ya dola 200. Kwa ada ya muhula mmoja hapa, hizo ni chenji.

OPI ni simu inayorekodiwa, haifiki hata nusu saa. Aliyenihoji alikuwa mama mwenye sauti ya upole, akaanza na mepesi: unaishi wapi, kwenu wapi. Nikajitia kutaja magari, na hapo ndipo aliponishika. Mhoji hufuata ulichosema mwenyewe, anakupandisha ngazi moja moja mpaka uteleze. Akaniuliza: Kenya inakataa magari yaliyozidi miaka 8, je, hilo linamfaa nani na linamuumiza nani? Bei, bandari, vipuri, nilitiririka. Aliponitaka nitetee upande wa pili, maneno yakaniishia. Lakini aibu yenyewe ilikuja alipotaka nimweleze nyumba niliyolelewa. Mimi ninayejua kusema shufukureki, yaani rekodi ya gari kufanyiwa matengenezo makubwa, sikujua paa linaitwaje.

WPT ni kuchapa kwenye kompyuta, na hapa nawaonya. Unachapa neno kama linavyotamkwa, kompyuta inakuletea kanji zenye matamshi hayo uchague. Niliandika "kikai" nikikusudia fursa, nikabofya haraka, ikakaa kanji ya mashine. Kwa hiyo kuna msahihishaji mahali fulani aliyesoma kwamba mjomba alinipa mashine ya kujifunza lugha. Niliiona baada ya kutuma.

Nilipata daraja la kati, ngazi yake ya juu, kwenye kuongea. Kuandika kukashuka kidogo. Chuo kikanipa krediti 8, sawa na mihula miwili ya mwanzo. Mtihani naupa nyota 4 kati ya 5. Chuo changu nakipa 2, maana kuziingiza krediti hizo kwenye rekodi yangu kulichukua miezi miwili na barua pepe nisizozihesabu.

Najua mtu ataniuliza kwa nini sikufanya Kiswahili, maana kimo kwenye orodha ya lugha za OPI. Niliuliza. Chuo changu hakitoi krediti kwa lugha uliyosoma sekondari kwenu. Vyuo vingine vinatoa, kwa hiyo msiache kuuliza vyenu.

Sasa niko darasa la muhula wa tatu. Juzi tulisoma habari za kupangisha nyumba, na paa lilikuwemo: yane.