Spiriti ya elfu mbili na kanzu yangu ya Ijumaa

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na msimu wa korosho ukishaanza peni haikai mezani, inakaa kifuani. Ijumaa moja ya Novemba nilitoka ghalani nimechelewa, nikapitia nyumbani Chikongola, nikavua shati nikavaa kanzu, na peni nikaihamishia kwenye mfuko wa kanzu mkono ukifanya kazi peke yake. Joto la Mtwara mwezi huo mnalijua. Niliporudi kutoka msikitini mke wangu ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Rehema, hicho kifuani ni nini?"

Doa la bluu, pana kama kifuniko cha soda, chini ya mfuko, na mchirizi mwembamba ukiteremka kuelekea tumboni. Kanzu yenyewe nilishonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, kitambaa mchanganyiko wa pamba na poliesta, darizi ya rangi ya kahawia shingoni. Si nguo ya kufanyia majaribio. Lakini majaribio yalifanyika, na mengine yaliharibu.

La kwanza ni maji na sabuni ya unga. Kabla sijasema neno kanzu ilishatiwa kwenye beseni, ikafikichwa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, povu la shida, na wino wa peni ya kawaida una mafuta ndani yake kwa hiyo maji hayauondoi, yanausukuma tu. Kifuniko cha soda kikawa kisosi. Hili ndilo ninalojutia mpaka leo: doa bichi lisiloguswa lingetoka kirahisi zaidi.

Dawa ya meno nayo tukaijaribu. Kanzu ikanukia vizuri.

Kisha Mama. Yeye hana shaka na ndimu. "Kamulia ndimu, nyunyizia chumvi, anika juani, jioni hulioni." Nikafanya, maana Mama habishiwi. Jioni nililiona. Lakini nimelifikiria jambo hili baadaye, na nadhani Mama hakukosea, ila amekumbuka wino mwingine. Yeye alisoma enzi za kalamu ya kuchovya na kichupa. Wino mwingi wa zamani ulitengenezwa kwa madini ya chuma, ndiyo maana ukikauka unakuwa mweusi na kuacha alama kama ya kutu, na asidi ya ndimu inalegeza kutu. Peni hizi za kigololo, ambazo Mhungari László Bíró alizisajili mwaka 1938, zina wino wa rangi iliyochanganywa na vimiminika vizito kama mafuta. Huo hauna habari na ndimu. Doa la kutu la bati au la msumari, hapo ndimu ya Mama ni mfalme.

Dobi nilimpelekea Jumatatu. Akaikunja, akaifunua, akaiangalia kwa jua. "Hii imeshakula kitambaa. Tia jiki." Nikaichukua nguo yangu nikaondoka. Jiki nina kesi nayo ya zamani: shati jeupe lenye poliesta liligeuka rangi ya chai ya maziwa na doa likabaki palepale katikati, kama limepewa fremu.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, muuguzi. Nilimwamkia ukutani nikamweleza, akacheka. Kwao sare nyeupe na peni mfukoni ni maisha ya kila siku. "Nenda duka la dawa, sema unataka spiriti ya kusafishia vidonda. Ile isiyo na rangi, shemeji, wakikupa ya zambarau irudishe." Ya zambarau imetiwa rangi makusudi, na rangi hiyo hiyo ungeihamishia kwenye kanzu. Nililipa shilingi 2,000 kwa kichupa kidogo karibu na soko.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyofanya, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kwanza nilidondoshea tone kwenye pindo la ndani, kuona kama kitambaa kitabadilika. Hakikubadilika. Darizi nilijaribu kwa ncha ya pamba, pamba ikatoka na ukahawia kidogo, kwa hiyo upande wa shingo nikauweka mbali kabisa. Nikakunja fulana kuukuu nyeupe mara nne, nikaitandika juu ya meza ya uani, nikalaza doa juu yake likiangalia chini, yaani nafanya kazi kwa nyuma ya kitambaa. Pamba ikalowa spiriti. Nikagandamiza, sikusugua. Kuanzia ukingoni kuja katikati, si kinyume chake.

Sekunde kumi hivi hakuna kitu. Halafu nikanyanyua kanzu nikaona fulana ile chini imepata duara la bluu lililoiva, bluu kuliko la kanzu. Nilimwita mke wangu kama mtoto aliyeokota hela. Siri yote ni hiyo fulana: wino hautoweki, unahama, na usipoupa pa kwenda unarudi ulikotoka. Kila baada ya migandamizo mitano sita nilisogeza sehemu safi. Kufikia mara ya nane duara lilikuwa rangi ya anga ya asubuhi, na pamba nilishatupa rundo.

Mahali palipokataa ni mshono wa chini wa mfuko. Pale kitambaa kimekunjwa mara tatu na uzi umepita, wino umejificha ndani. Nilifumua nyuzi nne kwa wembe, nikafungua, nikagandamiza tena. Pakapungua, hapakuisha. Kimebaki kivuli ambacho mimi nakiona kwa sababu nakijua.

Baada ya hapo sabuni ya mche, maji baridi, suuza mara mbili, kivulini. Pasi sikuipeleka mpaka nilipohakikisha, kwa sababu moto unaligandisha doa lililobaki na hapo ndipo madobi husema "imekula".

Kasoro za spiriti nazo niziseme. Harufu inapanda kichwani, kwa hiyo ni kazi ya nje. Inashika moto haraka mno. Mke wangu alikuwa na jiko la mkaa hatua tatu kutoka mezani na nilimwomba alihamishe, hakufurahi, ugali ulikuwa umeshaanza kuchemka. Na ninyi mliozoea kuchanganya, spiriti isikutane na jiki, hata kwenye beseni moja: hewa inayotoka ni sumu. Ndimu na jiki hivyohivyo.

Kwa wino wa peni ya kawaida naipa nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa mshono, moja kwa harufu. Sanitaiza iliyobaki tangu enzi za corona nayo nimeijaribu kwenye kola ya shati, inafanya kazi ileile maana kilichomo ni alikoholi, tena kwa kuwa ni nzito haikimbii, ila inaacha utelezi unaotaka kusuuzwa sana.

Nilijiona fundi. Wiki iliyofuata Rehema karudi shule na doa jeusi kwenye shati la sare, peni ya jeli, zile zinazoandika laini. Nikakunja mikono, nikatoa kichupa, fulana, pamba. Nimegandamiza nusu saa. Fulana chini imetoka nyeupe kama ilivyoingia. Wino wa jeli nyeusi mara nyingi ni chembechembe za rangi zinazokaa katikati ya nyuzi, haziyeyuki kwa spiriti, na ukiziacha zikauke ndiyo basi. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu vimelififisha kidogo.

Shati liko kwenye kamba sasa hivi. Rehema amelitazama, akasema si kitu, kesho atavaa sweta. Mtwara, Novemba, sweta.