Tathmini: Kituo cha mafuta kinachojihadhari na umemetuli, Dodoma

Kituo hiki kipo kando ya barabara kuu ya Dodoma kuelekea Morogoro, na ninakipendekeza kwa sababu wahudumu wake wanaijua hatari ya umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya mwilini au kwenye vitu vinaposuguana, hatari ambayo sheli nyingi huipuuza kana kwamba moto huletwa na sigara peke yake. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya Dodoma huwa kavu na upepo ni mkali, hivyo mtu aliyevaa sweta akijisugua tu kwenye kiti wakati wa kushuka garini, anaweza kupigwa na cheche anapogusa mlango. Cheche hiyo ndogo inatosha kabisa kuwasha mvuke wa petroli.

Mhudumu aliyenihudumia aligusa kwanza bodi ya gari kwa kiganja kitupu, mbali na tangi, ili chaji imtoke mwilini, ndipo akafungua kifuniko. Baadaye ikaja pikapu yenye dumu la chuma juu ya tandiko la plastiki. Alikataa katakata kulijazia humo, kwa kuwa plastiki huzuia chaji isishuke ardhini. Akamwomba dereva aliteremshe, akagusisha mdomo wa pampu kwenye shingo ya dumu tangu mwanzo hadi mwisho, na akajaza polepole. Dereva alinung'unika kwamba anacheleweshwa, lakini mhudumu hakutetereka, na kwa hilo anastahili pongezi.

Dosari niliyoiona si ndogo. Foleni ilipokuwa ndefu, mhudumu mwingine aliacha pampu ikimimina yenyewe, akaingiza nusu ya mwili kwenye gari la jirani kupokea malipo, kisha akarudi kushika mdomo wa pampu bila kugusa chuma chochote kwanza. Taarifa zilizokusanywa nchini Marekani na Petroleum Equipment Institute, chama cha kampuni za vifaa vya vituo vya mafuta, zinaonyesha kuwa mioto mingi ya aina hii ilitokea mteja aliporudi garini huku petroli ikiingia, kisha akashuka na kushika pampu. Mhudumu huyu alijiweka katika hatari ileile.

Uongozi uondoe pia makopo ya oili yaliyopangwa mbele ya kitufe cha dharura cha kuzima pampu. Moto ukizuka kwenye tangi, mdomo wa pampu haupaswi kuchomolewa, kwani petroli itamwagika na kuusambaza. Kinachotakiwa ni watu kusogea mbali na kitufe hicho kubonyezwa mara moja.