Deki ya mbao mlango wa nyuma: ununue mbao gani, kuanzia bora mpaka ya kuikimbia

Kama unataka deki (sakafu ya mbao ya nje, iliyoinuliwa) na vingazi pale mlango wa jikoni, jua kwanza hiyo mbao itanyeshewa, itapigwa jua, na mchwa wapo chini wanaisubiri, kwa hiyo usichague kwa rangi kama unanunua kitanda.

Namba moja kwangu ni mtiki. Una mafuta yake ya asili, maji hayauingii kirahisi, mchwa hawaupendi, na ukishakauka hautembei sana, yani haujikunji wala kuvimba ovyo. Shida ni kwamba mtiki wetu mwingi ni wa mashamba, kina Longuza kule Muheza na Kilombero, na mti ukivunwa bado mwembamba unakuwa na weupe mwingi pembeni, ule weupe unaoza na unaliwa kama mbao nyingine tu. Geuza kila ubao, muuzaji akikwambia "ni mtiki huohuo" usimsikilize, lipia ile sehemu ya kahawia tu.

Namba mbili mkongo. Mgumu kweli na unatulia, ila toboa kwanza ndo ufunge skrubu. Ni mti wa msitu wa asili kwa hiyo dai risiti na kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, mzigo usio na karatasi ukikamatwa njiani hasara ni yako.

Namba tatu, na ndo ninayowashauri wengi kwa ajili ya mfuko, paini ya dawa, ile ya kijanikijani, nyingi inatoka Mafinga. Hapa watu wanaibiwa sana jamani, mbao inapakwa dawa juujuu halafu inauzwa kama imepigwa presha, yani dawa imesukumwa mpaka ndani kwa mashine. Mwambie akate kipande mbele yako uone dawa imeingia ndani au imeishia kwenye ngozi. Na wewe ukikata, paka dawa tena pale ulipokata. Vipande vinavyobaki msipikie wala kuchomea nyama, dawa hizo nyingi zina aseniki.

Mninga naupenda lakini bei yake ni ya milango na makabati. Mkaratusi wa mbao nauweka chini, nguvu unayo ila ukikauka unapasuka na kujikunja, nguzo zake zilizotiwa dawa ndo sawa kwa miguu ya deki. Paini nyeupe isiyo na dawa usiiguse kabisa.

Hela ikiwa ya katikati changanya, fremu paini ya dawa ya inchi 2 kwa 6, juu mtiki. Skrubu za stenlesi au galvanaizi, acha milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao maji yapite, na nguzo zikae juu ya zege, zisizikwe kwenye udongo.

Vingazi msibanie. Vipandio vyote kimo kimoja, sentimita 15 mpaka 18, na pa kukanyaga pasipungue 28, yani mbao mbili za inchi 6 zinatosha. Ubao wenye fundo kubwa katikati usiuweke kwenye kipandio, upeleke kwenye deki ambako boriti ziko karibukaribu.